Mhariri mpya wa Wikipedia ukimkosoa anakimbia, ukimsifia anaharibu. Nimekosea wapi?

#1 Mzee_wa_Tanbihi
Wakuu, salaam.

Nahariri Wikipedia ya Kiswahili mwaka wa sita huu. Sina cheo, si mkabidhi (ndiyo jina la wasimamizi wa huko). Mimi ni mtu wa kupita kwenye Mabadiliko ya Karibuni, ule ukurasa wa hariri mpya, jioni nikishakula. Wiki iliyopita nimefanya jambo linaniwasha mpaka leo, nalileta hapa mnihukumu.

Mnaozijua makala za kata za Tanzania mnajua zilivyo. Mstari wa kwanza jina la kata na wilaya yake, wa pili idadi ya wakazi kwa sensa, chini alama ya mbegu (yaani makala fupi inayosubiri kukuzwa), kwisha habari. Nyingi zimekaa hivyo miaka na miaka. Sasa katokea mtu kafungua akaunti, na hariri yake ya kwanza kabisa ni aya tatu kwenye makala ya kata yao: jina limetoka wapi, kisima cha zamani kilikuwa upande gani, nani alikuwa jumbe enzi za ukoloni. Kiswahili kimetulia, hakuna mbwembwe. Tanbihi ya kuonyesha chanzo hata moja hakuna.

Nikatengua, aya zote zikaondoka. Kwenye muhtasari wa hariri nikaandika maneno mawili: "Haina chanzo."

Saa moja baadaye kaniandikia kwenye ukurasa wangu wa majadiliano: "Chanzo ni babu yangu. Ana miaka 91." Nikamjibu, kwa adabu kabisa, kwamba kamusi elezo haipokei simulizi za nyumbani, nikamwekea viungo vinne vya miongozo asome. Siku tisa sasa, kimya.

Huyu ndiye mtu tunayemlilia kila siku kwamba hayupo. Kaja, nimemtoa mwenyewe. Je, ni lile neno langu la kwanza, au hata ningeimba angeondoka?

#2 Kidoti_wa_Pwani
Viungo vinne kwa mtu wa siku ya kwanza 😂 Mgeni kaomba maji ya kunywa, wewe umempa kitabu cha fundi bomba.

#3 ngoja_waje
Nimevuta kiti. Ngoja waje wajuzi.

#4 Jicho_la_Kando
Mleta mada, hili tatizo lina historia, usijione peke yako.

Wikipedia ya Kiingereza ilifika kilele mwaka 2007, wahariri hai zaidi ya 50,000 kwa mwezi, halafu ikaanza kuporomoka. Mwaka 2013 Aaron Halfaker na wenzake walichapisha utafiti wakitafuta sababu. Hawakukuta kwamba wageni wamekuwa wabaya kuliko zamani. Walikuta mapokezi ndiyo yaliyobadilika. Miaka ile uharibifu uliongezeka, wakatengeneza programu za kutengua kwa kubofya mara moja, na ujumbe wa onyo unajibandika wenyewe. Mgeni mwenye nia njema akakosea kidogo, akapigwa na mashine ileile inayompiga anayeandika matusi. Akaondoka.

Maneno yako mawili yamefanya kazi ya ile mashine. Tofauti ni kwamba wewe una moyo na umekuja kuuliza.

#5 Bando_Limekata
Mnamsumbua bure mzee wa watu. Hajaona ujumbe huyo! Wengi wetu tunahariri kwa simu. Kwenye simu ukurasa wa majadiliano umejificha, ile kengele ya taarifa mtu mpya haijui ni ya nini, na aliyehariri bila akaunti zamani ndiyo kabisa, ukimwandikia leo kesho alikuwa na anwani nyingine ya mtandao. Mimi nilikaa miezi minne nikidhani hakuna anayenijali, siku nimefungua kwenye kompyuta ya kazini nakuta jumbe saba zimenisubiri, mbili zikitishia kunifungia.

#6 Kidoti_wa_Pwani
@Bando_Limekata soma uzi mkuu. Mtu alijibu. Alisema chanzo ni babu.

#7 Bando_Limekata
Aliona muhtasari wa kutengua. Hilo jibu la viungo vinne je? Mzee, jibu uliliandika wapi, kwenye ukurasa wako au wake?

#8 Mzee_wa_Tanbihi
Kwangu. Palepale aliponiandikia.

#9 Bando_Limekata
Ulimtaja jina la akaunti ili apate taarifa?

#10 Mzee_wa_Tanbihi
...

#11 ngoja_waje
Nimesogeza kiti mbele.

#12 Fundi_Kigezo
Tuwe na haki kidogo. Siku hizi kuna mpangilio wa kufuatilia mada: ukianzisha mada kwa kitufe chake, unaweza kupata taarifa mtu akijibu hata asipokutaja. Kwa hiyo #9 si kesi iliyofungwa. Mzee, alianzisha mada mpya kwa kitufe au alifungua ukurasa mzima akachomeka maneno juu?

#13 Mzee_wa_Tanbihi
Alichomeka juu kabisa, bila kichwa, bila sahihi ya jina lake. Nilimtambua kwa historia ya ukurasa.

#14 Fundi_Kigezo
Basi huenda mpaka leo anakusubiri wewe.

#15 Mwanahawa_Kitabu
Nisamehe Bando, ila nadhani hata angeuona asingerudi. Hapa kuna suala la heshima na hamligusi.

Mtu kaandika habari ya babu yake aliye hai. Umefuta, na umefuta hadharani, historia ya ukurasa inaonyesha milele kwamba fulani kaandika, fulani kafuta, "Haina chanzo." Kwa namna tulivyolelewa, mtu mzima huambiwi umekosea mbele ya watu. Unaitwa pembeni. Wikipedia haina pembeni, kila kitu ni barazani. Nimefundisha dada zangu watatu kuhariri, wawili waliacha siku ya kwanza kutenguliwa, na wote wawili walisema neno moja: aibu. Hawakusema hasira, wala kwamba hawakuelewa.

Halafu ukamwambia simulizi za babu ni za "nyumbani". Ungesikia hivyo kuhusu babu yako ungejisikiaje?

#16 Kiboko_ya_Nakala
Mimi nitakuwa mtu mbaya wa uzi huu, sawa. Mzee ulifanya vyema. Hatujakosa wahariri, tumekosa wahariri wanaoambiwa ukweli mapema.

Mnaikumbuka Wikipedia ya Kiskoti? Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala yake yameandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa na miaka 12. Anachukua Kiingereza, anabadilisha tahajia neno kwa neno. Miaka karibu saba! Watu wakaja kumshambulia kama mhalifu wakati alikuwa mtoto anayejituma. Angepata mtu mkali mmoja mwezi wa kwanza, angeokoka yeye na lugha ya watu.

Sisi huku, kwa tafsiri za neno kwa neno kutoka Kiingereza, nimekuta makala ya mwanasiasa "aliyejiunga na sherehe ya kikomunisti". Nimekuta mtu "aliyefariki katika chemchemi" wa mwaka fulani, nikadhani kazama, kumbe ni majira ya kuchipua. Nimekuta mchezaji wa kriketi anayepiga mpira kwa popo. Kwa POPO, maana "bat" ya Kiingereza ni popo na ni gongo pia. Na mwandishi wake ana nyota za pongezi kwenye ukurasa wake: "Kazi nzuri sana, endelea!" Ndiyo ameendelea.

#17 Kidoti_wa_Pwani
Popo 😭😭😭 naomba kiungo nikalale vizuri

#18 Kiboko_ya_Nakala
Nimeshairekebisha. Popo amerudi mwembeni.

#19 Tuzo_ya_Simu
Kwa heshima ya #16 acha nikiri dhambi. Mnaikumbuka ile changamoto ya Google ya Wikipedia ya Kiswahili, 2009 kuelekea 2010, ya wanafunzi wa vyuo Kenya na Tanzania? Nilikuwa mmojawapo. Nilichukua makala za Kiingereza nikazipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, nikabadilisha neno hapa na pale, nikabandika. Mashine za wakati ule si hizi za leo. Kuna wenyeji waliniandikia kwa upole, kwa ukali, kwa kuomba. Sikuwajibu hata mmoja. Nilikuwa nahesabu makala tu. Shindano lilipoisha sikugusa tena.

Kwa hiyo neno zuri au baya kwangu lilikuwa bure. Nilifuata zawadi. Mtu wa mleta mada hakufuata zawadi, ndiyo maana inauma.

#20 Ndizi_Mbivu_254
Sasa nyinyi watu wa kusini. Na ile ya kusahihishwa lugha hamtaitaja? Mimi ni wa Nakuru. Makala yangu ya kwanza kokote kwenye mtandao (sitasema ni tovuti gani, wala nani) niliandika "tarakilishi" na "rununu" kama nilivyofunzwa shuleni. Akaja bwana mmoja akabadilisha zote kuwa "kompyuta" na "simu ya mkononi", na maelezo yake: "Tumia Kiswahili sanifu." Bwana! Nilipata alama A ya Kiswahili kwa hayo maneno.

#21 Kiboko_ya_Nakala
Lakini ukimwita fundi wa rununu Kariakoo ataitika?

#22 Ndizi_Mbivu_254
Na wewe ukisema "chipsi mayai" Nakuru tutakuletea sahani mbili. Si hoja. Hoja ni kwamba angeniambia "huku wengi wanasema kompyuta, waonaje tuweke maneno yote mawili," ningebaki. Aliniambia mimi si sanifu.

#23 Mtoto_wa_Bukavu
Na sisi tusemeje? Mimi nikiandika "bitu" najua ni "vitu" kwa kamusi elezo, sahihisha tu, sikasiriki. Mimi nilikasirika siku moja tu: mtu alisahihisha lugha yote ya makala yangu kuhusu Ziwa Kivu na akaacha kosa la kweli, kina cha ziwa nilikuwa nimekosea. Aliona herufi zangu, habari hakuisoma.

#24 Jicho_la_Kando
#23 umegusa penyewe.

Kuna jaribio la Haiyi Zhu na wenzake wa Carnegie Mellon, nalo la 2013, walituma aina tofauti za maoni kwa wahariri wa Wikipedia. Ukosoaji na maelekezo ya moja kwa moja yalimfanya mtu aongeze bidii kwenye makala ileile iliyozungumziwa. Sifa na salamu za kirafiki ziliongeza hamu ya kufanya kazi kwa jumla, mahali pengine pote. Kila dawa na ugonjwa wake. Ukitaka tanbihi ziwekwe kwenye kata hii, sema waziwazi. Ukitaka mtu abaki, mkaribishe. Mzee alihitaji vyote na hakutoa hata kimoja, maana "Haina chanzo" si maelekezo. Haisemi afanye nini.

Pia wale wa nyota: kuna utafiti wa 2012 ulioonyesha wahariri waliopewa nyota ya pongezi walifanya kazi asilimia 60 zaidi ya wasiopewa. Nyota inafanya kazi, @Kiboko_ya_Nakala.

#25 Fundi_Kigezo
Marekebisho, mkuu. Huo wa asilimia 60 ni wa Restivo na van de Rijt, na nyota zile walipewa wahariri walio kwenye asilimia 1 ya juu kwa wingi wa kazi. Hao ni vinara, hawakuwa wageni. Unaotafuta ni wa Jana Gallus kwenye Wikipedia ya Kijerumani, ulichapishwa 2017: wageni kama 4,000, baadhi wakapewa tuzo ya jina tu, haina hata senti, na waliobaki mwezi uliofuata walikuwa asilimia 20 zaidi ya wasiopewa.

#26 Jicho_la_Kando
Asante, nimepokea. Umenitengua kwa adabu, na sababu umeweka 😄

#27 Kiboko_ya_Nakala
Wajerumani walikaa. Je, waliandika nini walipokaa? Popo?

#28 Mwalimu_Mstaafu
Nawasalimu wote. Nimesoma hadi hapa, nami niseme.

Nilifundisha historia shule za sekondari, na Wikipedia nimeanza uzeeni. Ninapokuta aya ya mgeni isiyo na tanbihi, sitengui kwanza, isipokuwa iwe ni matusi, kashfa ya mtu aliye hai, au imenakiliwa kwenye tovuti ya mwingine. Hiyo ya kunakili naondoa saa hiyohiyo kwa sababu ya hakimiliki, na namweleza. Nyingine naweka alama ya "inahitaji chanzo", kisha narekebisha kitu kimoja mwenyewe ili aone mkono wa mtu umepita. Halafu namwandikia kwenye ukurasa wake, swali moja tu. Swali, si somo. Kwa huyu ningemwandikia: "Mwanangu, habari ya kisima nimeipenda. Kuna mahali jina la kata hii limeandikwa, hata kwenye kitabu cha zamani?"

Sasa nakuja kwenye babu. Mzee wa Tanbihi, unafahamu vile vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza, vilivyohifadhiwa Nyaraka za Taifa? Unafahamu jarida la *Tanganyika Notes and Records*, lililoanza 1936? Vyote tunavikubali kama chanzo. Humo habari za asili ya majina na machifu zilitoka wapi? Bwana Shauri alikaa chini ya mti, akaitisha wazee, mkalimani akafasiri, akaandika alichoelewa. Yaani ni babu yuleyule. Babu wa 1935 amekuwa tanbihi kwa sababu aliandikwa na mgeni kwa Kiingereza, na babu wa leo anayesema mwenyewe kwa Kiswahili ni "simulizi za nyumbani".

Sisemi tuache kanuni. Nasema tukimwambia mtoto "haina chanzo", tujue tunasema nini.

#29 ngoja_waje
Wajuzi wamekuja.

#30 Mwanahawa_Kitabu
Shikamoo Mwalimu. Sina la kuongeza.

#31 Kiboko_ya_Nakala
Shikamoo Mwalimu. Mimi ninalo. Wale mabwana shauri waliandika makosa mengi tu, na baadhi ya wazee waliwapa waliyotaka kusikia ili ukoo wao upate cheo cha jumbe. Tofauti ni kwamba kitabu kimekaa kabatini, mimi nikitilia shaka naweza kwenda kukisoma. Babu wa kijana nitamsomaje? Kesho anakuja mjukuu mwingine wa ukoo wa pili, naye ana babu. Nimeona vita ya makala ya kabila moja, wajukuu wa pande mbili wanatenguana usiku kucha. Siwataji.

#32 Mwalimu_Mstaafu
Marahaba wanangu. Kiboko, hiyo ni hoja ya kweli na siwezi kuijibu kwa ujumbe mmoja.

#33 Fundi_Kigezo
Iliwahi kujaribiwa. Mwaka 2011 kulikuwa na mradi India na Afrika Kusini: waliwarekodi watu wakieleza mambo yasiyoandikwa popote, sauti wakazipandisha, kisha makala zikatumia zile rekodi kama chanzo, kwa Kimalayalam, Kihindi na Kisepedi. Kwa hiyo huwezi kumsoma babu lakini unaweza kumsikiliza. Mabishano yalikuwa makubwa, wengine walisema huo ni utafiti mpya na kamusi elezo si mahali pake. Mpaka leo hawajaafikiana.

#34 Bando_Limekata
Narudi kwangu. Mnajadili falsafa ya babu wakati mtu hajapata taarifa. Mzee, umeshamwandikia kwenye ukurasa WAKE?

#35 Kidoti_wa_Pwani
Na ukiandika usitumie ile mbinu ya semina: sifa, kosa, sifa. Kila mtu anaijua sasa. Ukianza na "Kazi nzuri sana" natafuta "lakini" iko wapi. Chapati mbili na mchanga katikati.

#36 Ndizi_Mbivu_254
Mimi chapati hata za mchanga nakula, mradi mtu aseme kitu. Kibaya zaidi ni kimya. Nimeandika makala kumi na mbili, hakuna aliyenisifu wala kunikosoa. Unaanza kujiuliza kama upo.

#37 Tuzo_ya_Simu
Jina lenyewe "mkabidhi" linanitisha hadi leo. Nani aliwaza hilo? Si mngesema msimamizi?

#38 Fundi_Kigezo
Usianze. Huo ni uzi mwingine, na una kurasa arobaini.

#39 Mzee_wa_Tanbihi
Nimerudi. Nimefanya hivi.

Nimerudisha aya ya kisima na ya jina, nikaweka alama ya kuhitaji chanzo. Ya jumbe nimeiacha nje kwanza kwa sababu ya #31, inataja koo mbili kwa majina. Kisha nimemwandikia kwenye ukurasa wake, bila kigezo cha Karibu (ile salamu iliyoandaliwa tayari), bila kiungo hata kimoja:

"Habari yako. Mimi ndiye niliyefuta maandishi yako, na nilikujibu mahali ambapo huenda hukuona. Niwie radhi. Nimerudisha sehemu ya kisima na ya jina. Je, babu amewahi kuhojiwa na mtu, au kuna kitabu, hata cha parokia au cha shule, kinachotaja kisima hicho? Kama kipo nitakuonyesha namna ya kuweka tanbihi, ni dakika tano. Msalimie babu."

#40 Mwanahawa_Kitabu
"Msalimie babu." Hapo sasa.

#41 Kiboko_ya_Nakala
Alama ya kuhitaji chanzo ikikaa miaka minne bila mtu kuleta chanzo nitakuja kuifuta mimi. Nimekuonya mbele ya watu.

#42 Mzee_wa_Tanbihi
Karibu. Nitakuwepo.

Jamani, amejibu. Kama dakika ishirini zilizopita.

#43 ngoja_waje
Kasemaje??

#44 Mzee_wa_Tanbihi
"Sawa."

#45 Kidoti_wa_Pwani
Sawa tu? Basi? Yenye nukta mwishoni au isiyo na nukta?

#46 Mzee_wa_Tanbihi
Yenye nukta.

#47 Mwanahawa_Kitabu
Uwiii. Bado ana kinyongo huyo.

#48 Bando_Limekata
Kinyongo gani, simu inaweka nukta yenyewe ukigonga nafasi mara mbili.

#49 Mtoto_wa_Bukavu
Huku kwetu "sawa" ni "nimesikia, ninaenda kumuuliza mzee." Mpeni siku mbili.

#50 Kiboko_ya_Nakala
Safari hii ameweka sahihi chini?

#51 Mzee_wa_Tanbihi
Ameweka. Na saa na tarehe.